Namba ya simu ya mpiga besi

Januari 12, 1995, hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Led Zeppelin, bendi ya rock ya Uingereza, wanaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki wa rock, miaka 14 tangu bendi ivunjwe. Zamu ya mpiga besi, John Paul Jones, inafika. Anasema maneno machache tu: anawashukuru rafiki zake kwa kuikumbuka, hatimaye, namba yake ya simu.

Kwa nje ni shukrani. Kwa ndani ni kijembe, tena kilichonolewa vizuri. Miezi michache kabla ya usiku ule, mwimbaji Robert Plant na mpiga gitaa Jimmy Page walikuwa wameungana tena kwa ajili ya kipindi cha MTV na albamu iliyotoka mwaka 1994. Walirekodi London, Wales na Moroko. Wakachukua wapigaji wa Kimisri, wakachukua wa Kimoroko, wakachukua na okestra. John Paul Jones hawakumchukua, wala hawakumwambia. Albamu wakaiita No Quarter, jina la wimbo ambao enzi za bendi ulikuwa uwanja wake, yeye na kinanda chake cha umeme. Besi akapewa mtu mwingine ambaye, kama vile kuna anayetania, naye ni Jones: Charlie Jones.

Kisa hiki kinanisumbua kwa swali moja. Ilikuwaje mtu aliyepiga besi, ogani, kinanda, Mellotron, mandolini na filimbi kwenye rekodi za bendi hiyo hiyo awe ndiye wa kuachwa? Watu wengi hujibu kwa habari za ugomvi na ubinafsi. Mimi naona alisahaulika kwa sababu ya uwezo wake wenyewe. Aliweza kukaa popote, na anayeweza kukaa popote hakuna anayemwekea kiti.

Tuanze nyumbani kwao. Jina lake halisi ni John Baldwin, amezaliwa Januari 3, 1946, Sidcup, wakati ule katika jimbo la Kent, Uingereza. Baba yake, Joe Baldwin, alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki kwenye bendi kubwa za dansi za wakati ule. Mama naye alikuwa mtu wa majukwaani. Wazazi walisafiri mno kwa kazi, mtoto akapelekwa shule ya bweni Blackheath, kusini-mashariki mwa London. Alipofika miaka 14 alikuwa tayari anapiga ogani kanisani na kuongoza kwaya.

Hapo kwenye ogani pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Mpiga ogani ya kanisani hupiga besi kwa miguu. Mikono iko juu na wimbo, miguu iko chini na sauti nzito, na kichwa kinafuata yote mawili kwa wakati mmoja. Kabla kijana huyu hajashika gitaa la besi, miguu yake ilikuwa imeshaijua kazi ya besi.

Gitaa lenyewe lilikuja kwa mabishano. Baba hakulitaka. Fender walikuwa wametoa besi yao ya kwanza ya umeme mwaka 1951 tu, na kwa mzee wa bendi za dansi, besi ilikuwa ile ya mbao inayosimama kama mtu mzima. Jones amesimulia kuwa baba yake alimshauri ajifunze saksafoni, maana baada ya miaka miwili hakuna atakayelisikia tena hilo gitaa la besi. Mtoto akajibu kuwa kuna kazi inamsubiri. Baba kusikia neno kazi, upinzani ukaisha papo hapo. Naipenda sana sehemu hii. Nyumba ile muziki ulikuwa wito, sawa, lakini kwanza ulikuwa mkate, na mtoto aliyelelewa hivyo hachagui chombo kwa ajili ya sifa. Anauliza wapi pana nafasi.

Gitaa la kwanza lilikuwa la bei rahisi. Likafuata Fender Jazz Bass ya mwaka 1962, ambayo alikwenda nayo hadi katikati ya miaka ya sabini. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alikuwa barabarani na Jet Harris na Tony Meehan, waliotoka kundi la The Shadows wakapata kibao chao cha "Diamonds" mwaka 1963. Mwaka uliofuata Andrew Loog Oldham, meneja wa Rolling Stones, alimpa jina jipya, John Paul Jones, alilolitoa kwenye tangazo la filamu kuhusu nahodha wa zamani wa jeshi la majini. Akatoa santuri moja kwa jina hilo, "Baja", ambayo haikufika mbali. Kusimama mbele haikuwa njia yake. Mlango wake ulikuwa wa nyuma ya studio.

Mwanamuziki wa kukodiwa London ya miaka ya sitini aliishi kwa vipindi vya saa tatu. Saa nne asubuhi hadi saa saba, saa nane hadi saa kumi na moja, kisha saa moja jioni hadi saa nne usiku. Unaingia, unakuta karatasi ya nota juu ya kishikio, hujui utampigia nani. Inaweza kuwa rock, inaweza kuwa tangazo la biashara, inaweza kuwa mwimbaji wa mapenzi na violini ishirini nyuma yake. Wote mnarekodi pamoja, kwa hiyo ukikosea wewe, chumba kizima kinaanza upya. Wa kukosea mara mbili haitwi mara ya tatu.

Jones aliitwa tena na tena tangu 1964. Baada ya muda hakuwa mpiga besi tu, akawa mpangaji: yule anayeamua nani apige nini, aingie wapi na anyamaze wapi, kisha anaandika nota za kila mtu. Aliwapangia waimbaji Donovan na Lulu, na nyimbo laini za vijana za Herman's Hermits. Zile nyuzi zinazosikika kwenye "She's a Rainbow" ya Rolling Stones, mwaka 1967, ni mkono wake. Kwenye "Beck's Bolero" ya Jeff Beck, iliyorekodiwa 1966, besi ni yeye, gitaa la nyuzi kumi na mbili ni Jimmy Page, drams ni Keith Moon wa The Who. Page na yeye walikutana kwenye vyumba hivi, vibarua wawili wa kiwango cha juu wanaojuana kwa kazi kabla ya kujuana kwa urafiki.

Kufikia 1968 alikuwa anapanga vipande 50 hadi 60 kwa mwezi, na mwenyewe amesema ilianza kumuua. Kuhusu alivyoingia bendini kuna masimulizi mawili. Page anasema Jones alimuuliza wakati wa mapumziko, walipokuwa wakirekodi "Hurdy Gurdy Man" ya Donovan, kama bendi mpya anayoiunda haihitaji mpiga besi. Jones anasema mkewe alisoma gazetini kuwa Page anatafuta watu, akamwambia mumewe apige simu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ninachokiona mimi ni kwamba katika masimulizi yote mawili yeye ndiye aliyepiga hodi. Aliyemtafuta hayumo. Kiti chenyewe kilikuwa cha Chris Dreja, mpiga besi wa The Yardbirds, bendi ya Page ya awali, aliyeamua kwenda kwenye upigaji picha. Picha ya nyuma ya jalada la albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ameipiga yeye.

Agosti 1968 walikutana wanne kwenye chumba kidogo cha chini, Gerrard Street, London. Wawili wanatoka studio za mji mkuu, wawili, Plant na mpiga drams John Bonham, wanatoka upande wa Birmingham na hawajulikani. Mwezi uliofuata walikuwa jukwaani Denmark, na Oktoba wakaingia studio ya Olympic. Albamu nzima ilimalizika kwa saa 36 hivi za studio. Mashabiki huita muujiza. Mimi nakumbuka vile vipindi vya saa tatu, na naona nusu ya bendi ilikuwa na mazoea ya kumaliza kazi kabla saa haijagonga.

Sasa tumsikilize bendini. Besi ya rock ya siku zile ilikuwa mara nyingi inakanyaga sauti ya msingi ya kodi (chord, nota zinazopigwa pamoja) na kubaki hapo. Kwenye "Ramble On" ya 1969, besi ya Jones inaimba wimbo wake yenyewe chini ya sauti ya Plant, unaweza kuufuata peke yake kama kiitikio. Hapigi nota nyingi kuliko inavyotakiwa. Anapiga kama mtu aliyeshaandika sehemu za wengine wote na anajua nafasi gani imebaki wazi. Ukikaa na Bonham kwenye drams, mtu mwenye mguu mzito vile, hesabu hiyo ni ya lazima, la sivyo mnakanyagana.

Kisha inakuja "Black Dog" ya mwaka 1971. Kile kipande cha gitaa kinachojipinda na kurudi, ambacho kila anayejifunza gitaa hukimbilia, hakikuanza na mpiga gitaa. Ni cha Jones. Alikitunga njiani kwenye treni akirudi kutoka mazoezini nyumbani kwa Page, akakiandika kwenye kipande cha karatasi kwa mtindo mwepesi wa namba aliofundishwa na baba yake. Alitaka kitu kinachozunguka kiasi kwamba mchezaji asijue mguu uangukie wapi. Bendi ilijaribu kuhesabu mizunguko hiyo ikachanganyikiwa, mpaka Bonham akaamua kuipuuza: akapiga mapigo ya nne kwa nne moja kwa moja, gitaa na besi vikimzunguka na kukutana naye mbele. Ukisikia kama wanapishana halafu wanaangukia pamoja, hilo ndilo linalotokea.

Kwenye "Since I've Been Loving You" ya 1970 yule mtoto wa kanisani anarudi. Jones yuko kwenye ogani ya Hammond, na besi unayoisikia inatoka miguuni mwake, kwenye pedali. "Stairway to Heaven" inaanza na gitaa la Page likisindikizwa na filimbi za mbao. Filimbi hizo ni za Jones, na kinanda cha umeme kinachofuata ni chake. Kwenye "The Battle of Evermore" mandolini anaipiga Page, lakini aliiokota tu pale nyumbani walikokuwa wakirekodi. Mandolini ni ya Jones. Kwenye "Trampled Under Foot" ya 1975 chombo kinachosukuma wimbo mzima ni Clavinet, kinanda cha umeme chenye sauti ya kukwaruza kama gitaa, na huko jukwaani mikono ikiwa huko, besi ilirudi tena miguuni.

Wimbo wa kuukalia ni "Kashmir", wa albamu hiyo hiyo ya 1975. Muulize mtu yeyote kinachomfanya auone ule msafara wa jangwani, atakuimbia zile nyuzi na tarumbeta zinazopanda ngazi. Mpangilio wa okestra na Mellotron, kile kinanda kinachotoa sauti kutoka kwenye kanda za sumaku, ni kazi ya Jones. Tazama majina ya watunzi: Bonham, Page, Plant. Jones hayumo. Kwa desturi za biashara ya muziki hakuna aliyeibiwa. Mpangaji hulipwa kwa kupanga, na mtunzi ni mwenye wimbo na maneno. Lakini utaratibu huo ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokodiwa, na yeye sasa alikuwa mwanabendi. Alitoka kwenye kazi ya kukodiwa akaja na tabia zake: unatoa unachotakiwa kutoa, hudai jina.

Hata kwenye bendi zetu za dansi, mpiga solo watu wanamjua kwa jina na mtaa anakokaa, mpiga besi wanamjua kwa mgongo.

Mwishoni mwa 1973 alichoka. Safari za Marekani zilikuwa zimekuwa vurugu, yeye ana familia, na tabia yake ya kujitenga na sherehe za hotelini ilimfanya aonekane mgeni kwenye bendi yake mwenyewe. Alimwendea meneja Peter Grant akamwambia anataka kuacha, akiongeza utani kwamba atakwenda kuongoza kwaya katika kanisa kuu la Winchester. Kwa umma ikasemwa anaumwa. Vipindi vya kurekodi vya Headley Grange, ile nyumba ya mashambani walikokuwa wakirekodi, vikaahirishwa, bendi ya Bad Company ikavitumia. Grant hakumbembeleza kwa kelele. Alimwambia apumzike na familia yake. Mapema 1974 akarudi, na mwaka 1975 ikatoka Physical Graffiti, albamu yenye "Kashmir". Utani ule wa kwaya umekuwa kichekesho cha mashabiki, ila kwangu mimi si utani mtupu. Kazi ya kwanza ya maisha yake ilikuwa hiyo hiyo.

Halafu kuna 1978, Stockholm, studio ya Polar ya kundi la ABBA. Page na Bonham walikuwa na matatizo yao na walichelewa kufika studio. Jones alikuwa na kinanda kikubwa cha Yamaha GX-1. Yeye na Plant wakafanya kazi mchana. In Through the Out Door ilipotoka 1979, nyimbo sita kati ya saba zilikuwa na jina la Jones miongoni mwa watunzi, mbili kati ya hizo yeye na Plant peke yao. Wapo wasioipenda albamu hiyo, wanasema ina vinanda kupita kiasi, na mimi mwenyewe kuna nyimbo ndani yake ninaziruka. Lakini kama ushahidi wa kisa hiki haina mfano. Wengine walipotetereka, aliyekuwa amezoea kujaza mapengo alijaza nyumba nzima.

Septemba 25, 1980 Bonham alifariki nyumbani kwa Page, Windsor. Jones ni mmoja wa wawili waliomkuta. Desemba wakatangaza kuwa hawataendelea.

Miaka iliyofuata inaonyesha yeye ni mtu wa aina gani kuliko hata zile za umaarufu. Page na Plant walibaki na sura zao zinazotambulika. Yeye alibaki na ufundi. Akatengeneza muziki wa filamu. Akawa prodyuza wa kundi la rock la The Mission mwaka 1988, kisha wa Butthole Surfers mwaka 1993, kundi la Texas lenye fujo kiasi kwamba jina lake sithubutu kulitafsiri. Mwaka 1992 R.E.M., kundi la rock la Marekani, walimwita aandike nyuzi za nyimbo nne za albamu yao Automatic for the People, "Everybody Hurts" na "Nightswimming" zikiwemo. Mamilioni ya watu wamelia na nyuzi zile bila kujua zimeandikwa na mpiga besi wa "Black Dog". Mwaka 1994, mwaka ule ule wa simu isiyopigwa, alitoa albamu na Diamanda Galás, mwimbaji ambaye sauti yake inaweza kukufanya uzime taa au uwashe zote. Besi yake ndiyo inayobeba kila kitu.

Turudi basi kwenye simu. Page na Plant walikuwa na sababu inayoeleweka: walitaka jambo lao wawili, lisionekane kuwa Led Zeppelin imerudi. Wangemwita Jones, ingekuwa imerudi. Kwa hesabu hiyo, kumwacha ni kukiri kimyakimya kuwa uwepo wake ndio unaoifanya bendi iwe bendi. Hilo naliona. Nisichoweza kulitetea ni kutomwambia, na kuuchukua wimbo wake wakaufanya jina la jalada. Bado nadhani hawakumtendea hivyo kwa chuki. Kwa miaka 12 walimzoea kuwa mtu anayekuwepo bila kudai, na mtu wa namna hiyo hata ukimkosea unasahau kuwa umemkosea.

Yeye hakukaa kulia. Mwaka 1999, akiwa na miaka 53, akatoa albamu yake ya kwanza ya kujitegemea ukiacha ile ya filamu: Zooma, ya vyombo tupu, yenye besi za nyuzi kumi na kumi na mbili. Alijifunza mandolini kwa bidii mpaka akawa mtu wa kualikwa kwenye bluegrass, muziki wa Marekani wa banjo na mandolini, akawa prodyuza wa kundi la kina dada la Uncle Earl mwaka 2007. Desemba 10 mwaka huo huo alipanda tena na wenzake jukwaani, ukumbi wa O2, London, mtoto wa Bonham akiwa kwenye drams. Safari hii simu ilipigwa. Plant alipokataa kuendelea, Jones na Page walijaribu waimbaji wengine mwaka 2008, ikashindikana.

Mapema 2009 Dave Grohl, kiongozi wa Foo Fighters, aliyekuwa ameshamshirikisha kwenye albamu ya bendi hiyo ya 2005, alimkalisha karibu na Josh Homme, mwimbaji na mpiga gitaa wa Queens of the Stone Age, kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 40. Agosti 9, 2009 watatu hao walipanda jukwaani Chicago kwa jina la Them Crooked Vultures, Jones akiwa na miaka 63. Mpiga drams mle, Grohl, alikuwa ameukulia muziki wa Bonham. Safari hii mpiga besi ndiye aliyekuwa mkongwe ambaye wenzake wanamtazama usoni kabla ya kuanza.

Februari 13, 2011 bendi hiyo ilishinda tuzo ya Grammy ya onyesho bora la rock nzito (hard rock), kwa "New Fang". Siku nne baadaye, Februari 17, nyumba ya opera ya Royal Opera House, London, ilifungua opera mpya ya Mark-Anthony Turnage, Anna Nicole. Kwenye onyesho kuna bendi ndogo ya watu watatu: gitaa, drams na besi. Aliyeshika besi, nota mbele yake, akisubiri kuingia mahali palipoandikwa aingie, alikuwa John Baldwin wa Sidcup.